Wi-Fi imejaa lakini intaneti hakuna: maneno ya mtandao kwa anayeanza

SWALI: Mwalimu, naomba msaada. Nimewekewa intaneti nyumbani hivi karibuni. Fundi alikuwa akizungumza na mwenzake kwenye simu: "ruta imepata IP", "ping inapita", "basi ni DNS". Nikabaki natikisa kichwa tu. Sasa kuna nyakati simu inaonyesha Wi-Fi imejaa lakini hakuna ukurasa unaofunguka, na nikimpigia mtoa huduma ananiuliza maswali nisiyoyaelewa hata moja. Nimejaribu kusoma orodha za istilahi nikachoka, maana kila neno linaelezwa kwa maneno mengine matatu nisiyoyajua. Nianzie wapi?

JIBU: Anza kwa kuziweka kando hizo orodha. Maneno ya mtandao hayaeleweki yakipangwa kwa alfabeti, kwa sababu kila moja ni jina la kituo au kazi fulani katika safari moja: safari ya ombi kutoka kwenye simu yako hadi kwenye kompyuta iliyo mbali, na ya jibu linaporudi. Ukiijua safari, utajua pia neno lipi linahusu wapi, na hitilafu ikitokea utajua imekwama sehemu gani.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu ambavyo watu wengi huviita kwa jina moja: Wi-Fi, intaneti na wavuti.

Wi-Fi ni redio. Kazi yake ni kuunganisha simu yako na kile kiboksi cha nyumbani, yaani ruta, bila waya, kwa mawimbi ambayo mara nyingi ni ya gigahezi 2.4 au 5. Vile vistari unavyoviona juu ya kioo cha simu vinapima jambo moja tu, yaani simu na kiboksi vinasikilizana vizuri kiasi gani. Havisemi chochote kuhusu yanayotokea nyuma ya kiboksi. Chukua ruta mpya, iwashe bila kuiunganisha na mtoa huduma yeyote, na simu yako itakuonyesha Wi-Fi imejaa pomoni.

Intaneti ni mtandao wa mitandao. Kampuni za simu, vyuo vikuu, serikali na watoa huduma wa kila namna wana mitandao yao, nao wamekubaliana kupokezana data kwa kanuni zilezile. Haina makao makuu wala mmiliki. Chimbuko lake ni ARPANET, mtandao wa utafiti ulioanza nchini Marekani mwaka 1969. Ujumbe wa kwanza ulitumwa tarehe 29 Oktoba mwaka huo kutoka Chuo Kikuu cha California kilichopo Los Angeles kwenda Taasisi ya Utafiti ya Stanford. Ulikusudiwa kuwa neno "login", lakini mfumo ulianguka baada ya herufi mbili. Kwa hiyo usijione mnyonge intaneti yako ikikatika. Hitilafu za mtandao zina umri sawa na mtandao wenyewe. Kanuni tunazotumia leo, TCP/IP, zilibuniwa na Vint Cerf na Bob Kahn katika miaka ya 1970, na ARPANET ikahamia kwenye kanuni hizo rasmi tarehe 1 Januari 1983.

Wavuti ni huduma moja kati ya nyingi zinazopita juu ya intaneti: kurasa zenye viungo, ambazo unazifungua kwa kivinjari. Ilipendekezwa na Tim Berners-Lee mwaka 1989 alipokuwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo karibu na Geneva. Barua pepe iliitangulia kwa miaka mingi. Simu za video, michezo na programu za kutumiana ujumbe zinaweza kutumia intaneti bila kupita kwenye wavuti kabisa, na ndiyo maana wakati mwingine ujumbe unaingia huku kurasa zikigoma.

Sasa twende safari. Tuseme umeandika example.com kwenye kivinjari cha simu. (Jina hilo limetengwa rasmi kwa ajili ya mifano, kwa hiyo hatumtangazi mtu.)

Kabla hujaandika hata herufi moja, simu yako ilishapewa anwani. Ilipojiunga na Wi-Fi ilitangaza kwa kila kifaa kilichopo: nani anagawa anwani hapa? Ruta ikajibu: wewe tumia 192.168.1.7, ukitaka kwenda nje pitia kwangu, mimi ni 192.168.1.1, na ukitaka kutafuta majina muulize fulani. Mazungumzo hayo yana utaratibu wake uitwao DHCP. DHCP ni itifaki, na itifaki si kitu cha kushika mkononi. Ni makubaliano ya jinsi vifaa vinavyozungumza: nani aanze, ujumbe upangwe vipi, usipofika ifanyweje. Karibu kila kifupisho kinachokutisha katika fani hii ni jina la itifaki fulani.

Ile 192.168.1.7 ni anwani ya IP. Ina namba nne, kila moja kati ya 0 na 255, kwa sababu kila namba inahifadhiwa kwa biti 8 (biti ni sifuri au moja). Jumla ni biti 32, zinazotoa anwani takriban bilioni 4.3. Wakati zinabuniwa zilionekana nyingi kupita kiasi. Mwezi Februari 2011, ghala kuu la dunia la anwani hizo liligawa mafungu yake ya mwisho. Ndiyo maana kuna toleo jipya, IPv6, lenye anwani za biti 128 zinazoandikwa kwa tarakimu na herufi zilizotengwa kwa nukta pacha. Ukiona mstari mrefu kama 2001:db8::1 kwenye mipangilio ya simu yako, si kosa. Ni IPv6.

Huenda pia ukakutana na anwani ya MAC, na hapa wengi huchanganyikiwa. Hiyo ni namba ya kadi ya mtandao yenyewe, biti 48, inayoandikwa kwa tarakimu na herufi 12. Inatumika ndani ya mtandao wa karibu tu, haivuki ruta kwenda duniani. IP hubadilika ukihamia mtandao mwingine. MAC kwa kawaida hubaki na kifaa, ingawa simu za siku hizi hujitungia MAC ya bandia kwa kila Wi-Fi ili wenye mitandao wasiwafuatilie watu kirahisi.

Tukiangalie sasa kiboksi chenyewe. Tunakiita ruta, lakini ndani ya lile gamba la plastiki kwa kawaida kuna vifaa kadhaa vilivyobanwa pamoja. Kuna kituo cha Wi-Fi, yaani ile redio. Kuna swichi, inayounganisha yale matundu ya kebo ili vifaa vya ndani vizungumze vyenyewe kwa vyenyewe. Kuna ruta yenyewe, inayoamua data ipi ibaki ndani na ipi itoke nje. Mara nyingine kuna modemu pia, inayogeuza data iwe ishara zinazoweza kusafiri kwenye laini iliyopo, iwe ni waya wa simu au mawimbi ya mnara. Kwenye faiba, yaani nyuzi za kioo, kazi ya namna hiyo hufanywa na kifaa kiitwacho ONT, ambacho mara nyingi kimefungwa ukutani peke yake. Upande wa nyumbani unaitwa LAN, upande wa kwenda kwa mtoa huduma unaitwa WAN. Mtoa huduma akikuuliza kuhusu taa ya WAN, au taa ya intaneti, anataka kujua kama kiboksi kinaona upande wa nje. Taa ya Wi-Fi haimsaidii kitu.

Haya, umebonyeza. Simu haiwezi kwenda "example.com" kwa sababu pakiti, yaani vipande vya data, husafiri kwa namba, si kwa majina. Ni lazima kwanza iulize namba ya jina hilo, na anayeulizwa ni DNS, mfumo wa kutafuta namba za majina. Zamani za ARPANET, majina yote yaliwekwa kwenye faili moja lililotunzwa katika ile taasisi ya Stanford, na kila aliyehitaji alilinakili. Mtandao ulipokua, utaratibu huo ukashindwa. Mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, ambamo kazi imegawanywa kwa ngazi. Jina husomwa kutoka kulia: seva za mizizi (seva ni kompyuta inayojibu maombi ya nyingine) zinajua nani anasimamia .com, wasimamizi wa .com wanajua nani anasimamia example.com, na huyo wa mwisho ndiye mwenye namba. Simu yako haizunguki kote huko. Inamuuliza msaidizi mmoja, kwa kawaida seva ya mtoa huduma, naye ndiye anayezunguka. Jibu likipatikana huhifadhiwa kwa muda ili asizunguke tena. Ndiyo maana tovuti iliyohamishiwa kwenye seva mpya inaweza kufunguka kwako na ikagoma kwa jirani yako kwa saa kadhaa: mmoja wenu bado anashikilia jibu la zamani.

Namba imepatikana. Simu inaandaa ombi na kulikabidhi kwa ruta, na hapo kuna kikwazo. Anwani zinazoanza na 192.168, zinazoanza na 10, na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31 ni za ndani. Mamilioni ya nyumba zinatumia 192.168.1.7 hii hii, kwa hiyo hakuna ruta ya nje inayoweza kujua irudishe jibu kwa nani. Suluhisho linaitwa NAT. Ruta yako ina anwani moja ya nje. Ombi likipita, inafuta anwani ya simu, inaweka ya kwake, na kuandika kwenye daftari lake kwamba jibu la ombi hili ni la simu ile. Jibu likirudi, inaangalia daftari na kulipeleka ndani. Watoa huduma wengi walioishiwa anwani hufanya NAT nyingine tena upande wao, hivyo wateja wengi huonekana kwenye intaneti kwa anwani moja. Kwa kusoma habari na kutazama video hutahisi tofauti. Ukitaka kuifikia kamera ya nyumbani kutoka mbali ndipo utagundua kwamba hakuna njia ya kuingilia, na hapo ndipo swali "je, nina IP ya umma?" linapokuwa na maana.

Ombi lina namba nyingine pia, iitwayo poti. Seva moja inaweza kuendesha tovuti, barua pepe na mengine kwa wakati mmoja. IP ni kama anwani ya jengo, na poti ni namba ya chumba ndani yake. Tovuti zenye ulinzi hupokea kwenye poti 443, zisizo na ulinzi kwenye 80, DNS kwenye 53. Namba hizi zinafika hadi 65,535. Usizichanganye na matundu ya kebo nyuma ya kiboksi, ambayo mafundi nao huyaita poti. Ukisikia "fungua poti", mtu anazungumzia namba. Ukisikia "chomeka kwenye poti ya pili", ni tundu.

Kisha data inakatwakatwa. Mtandao haubebi picha nzima wala ukurasa mzima. Kila kitu hugawanywa katika pakiti, ambazo katika mitandao mingi hazizidi baiti 1,500, na kila pakiti hubeba anwani ya ilikotoka na ya inakokwenda. Kinachonivutia mpaka leo ni kwamba hakuna ruta njiani inayoijua safari nzima. Kila moja inatazama anwani, inaangalia jedwali lake, na kusukuma pakiti kwa jirani anayeonekana kuwa karibu zaidi na lengo. Pakiti za picha moja zinaweza kupita njia tofauti. Majedwali yakikosewa, pakiti inaweza kuzunguka bure kati ya ruta mbili, kwa hiyo kila pakiti ya IP huwekewa kikomo: kila ruta inapunguza moja, na ikifika sifuri pakiti inatupwa. Pakiti zikivuka bara hadi bara, mara nyingi hupita kwenye nyaya za nyuzi za kioo zilizolazwa chini ya bahari. Setilaiti hubeba sehemu ndogo tu ya mzigo huo, kinyume na wanavyodhani wengi.

Nani anahakikisha pakiti zote zimefika? Kama ni ukurasa au faili, ni TCP: inazipa namba, mpokeaji anathibitisha, iliyopotea inatumwa upya, na mwisho zinapangwa sawasawa. Kwa simu za sauti na video mara nyingi hutumika UDP, ambayo hutuma na kusonga mbele bila kusubiri. Neno lililopotea sekunde mbili zilizopita halina faida likiletwa sasa, bora liachwe. Kukwaruza kwa sauti kwenye simu za intaneti kunatokana na pakiti za namna hiyo zilizopotea au zilizochelewa.

Sasa shida yako ya Wi-Fi kujaa bila intaneti. Ipime kwa kufuata safari ileile, ukianzia karibu. Fungua maelezo ya Wi-Fi kwenye kifaa chako utazame anwani ya IP. Ikianza na 169.254, kifaa kimeomba anwani na hakikujibiwa, kikajipa yenyewe. Tatizo liko ndani ya nyumba, na DHCP ya ruta ndiyo ya kushukiwa. Kama anwani ni nzuri, tumia ping. Hii ni programu ndogo, iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, inayotuma pakiti na kusubiri irudi. Ipo kwenye karibu kila kompyuta. Ping kwanza ruta, yaani ile anwani iliyoandikwa kama lango, ambayo katika mfano wetu ni 192.168.1.1. Ikijibu, ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya DNS ya Google iliyo nje kabisa ya nyumba yako. Ikigoma, na taa ya WAN imezimika au nyekundu, kosa liko kati ya kiboksi chako na mtoa huduma. Ikijibu, ping sasa kwa jina, mfano example.com. Namba zikipita na jina likakataa kupatikana, intaneti yako ni nzima na aliyelala ni DNS. Hicho ndicho fundi wako alikuwa akisema kwa maneno yake matatu. Mara nyingi kuweka 8.8.8.8 au 1.1.1.1 kama seva ya DNS kwenye mipangilio ya kifaa huondoa tatizo papo hapo.

Angalizo moja: kompyuta nyingine zimewekwa zisijibu ping kwa sababu za usalama, kwa hiyo kimya cha kompyuta moja si ushahidi wa kutosha. Jaribu mbili.

Ukimpigia mtoa huduma, mwambie matokeo hayo kama yalivyo: nimepata anwani ya ndani, ruta inajibu, 8.8.8.8 haijibu, taa ya WAN ni nyekundu. Sentensi hiyo itakuvusha maswali mengi ya mwanzo. Bado ataweza kukuambia uzime kiboksi na kukiwasha, na usimchukie, kwani kufanya hivyo kunakilazimisha kiboksi kuomba upya anwani ya nje na kusafisha lile daftari la NAT.

Kuhusu kasi, kosa kubwa ni la herufi b. Watoa huduma hutangaza kwa megabiti kwa sekunde, Mbps, na mafaili hupimwa kwa megabaiti, MB. Baiti moja ni biti 8. Kifurushi cha 20 Mbps, kikifanya kazi kikamilifu, kinapakua megabaiti 2.5 kwa sekunde, na faili la megabaiti 500 litachukua kama dakika tatu na sekunde ishirini. Hujaibiwa, ni vipimo viwili tofauti. Angalia pia kasi ya kupakia, kwa kuwa kwenye vifurushi vingi ni ndogo kuliko ya kupakua, na ndiyo inayoamua wenzako wanakuona vipi kwenye mkutano wa video.

Na kuna ucheleweshaji, ambao Mbps haziutibu. Ni muda wa pakiti kwenda na kurudi, unaopimwa kwa milisekunde, na ndio ule muda unaouona kwenye majibu ya ping. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo seva iliyo umbali wa kilomita 10,000 haiwezi kukujibu chini ya milisekunde 100 hata ukilipia kifurushi cha juu kabisa. Setilaiti zile zinazoonekana kusimama mahali pamoja angani ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Ombi na jibu kupitia huko huchukua karibu nusu sekunde. Mtu mwenye kasi kubwa ya kupakua lakini ucheleweshaji mkubwa atatazama filamu bila shida, kisha atakuwa akimkatiza mwenzake kila sentensi wakizungumza.

Kabla ya kulaumu kifurushi, jaribu kukaa karibu na kiboksi. Gigahezi 2.4 hufika mbali zaidi na kupenya kuta vizuri, lakini mara nyingi imesongamana na kasi yake ni ndogo. Gigahezi 5 ni ya haraka, ila ukuta mmoja au miwili huidhoofisha. Njia nzuri ya kujua nani mwenye kosa ni kuchomeka kompyuta kwa kebo moja kwa moja kwenye ruta. Kasi ikipanda ghafla, mtoa huduma hana hatia.

Yaliyobaki ni ya haraka. HTTPS, ile inayoanzia anwani nyingi za tovuti, ina maana kwamba data kati yako na seva imesimbwa, yaani imefichwa kwa msimbo, na kwamba cheti cha seva kinalingana na jina uliloliandika. Haisemi kuwa mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye anapata cheti bila gharama. VPN husimba data yako yote hadi kwenye seva ya kampuni ya VPN, kisha kampuni hiyo inaipeleka kwenye intaneti kwa anwani yake. Mtoa huduma wako haoni tena tovuti unazotembelea, lakini sasa mwenye VPN anaweza kuziona. Ngome ni kichujio kinachoamua pakiti zipi ziingie na zipi zikataliwe, na ruta yako tayari ina moja. Nenosiri la Wi-Fi na nenosiri la kuingilia mipangilio ya ruta ni vitu viwili tofauti. La pili kwenye ruta nyingi huja likiwa jepesi kubahatisha, au limebandikwa chini ya kiboksi. Fungua 192.168.1.1, au lango lolote ulilolikuta, kwenye kivinjari, ulibadilishe leo.